Hilo neno "resilience" tuliiteje kwa Kiswahili, na limetoka wapi?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Niko na kikundi cha wakulima wa bondeni huku Rufiji, tunaandaa kijitabu kuhusu mafuriko. Maandishi tuliyopewa ni ya Kiingereza na karibu kila ukurasa kuna neno resilience. Mmoja wetu kaandika ustahimilivu, mwingine uthabiti, mwingine kasema ni ukakamavu, tumebishana siku mbili nzima. Nikaangalia kamusi, inasema asili yake ni kuruka nyuma kama springi. Sasa kuruka nyuma na mtu ambaye shamba lake limechukuliwa na maji vinahusiana nini? Neno limetoka wapi, na sisi tuandike nini?"

Marahaba mwanangu. Hizo siku mbili za kubishana hamkuzipoteza, kwa sababu hayo maneno matatu mliyogombania ni vitu vitatu tofauti kabisa, na moja kati yake lina asili iliyo kinyume na hilo la Kiingereza. Ntakujibu kwa urefu maana hapa ukijibu kwa kifupi unadanganya.

Tuanze na lilikotoka. Kilatini kina kitenzi salire, yani kuruka, kuruka kwa miguu kama chura au mbuzi. Ukikiwekea re- mbele, ambayo ni "nyuma" au "tena", unapata resilire, kuruka kurudi ulikotoka. Mshairi wa Kirumi Ovid ana kisa cha wanakijiji wa Lycia waliomkatalia maji mungu wa kike aliyekuwa na kiu na watoto wachanga mkononi, basi akawageuza vyura, na anapoeleza maisha yao mapya anasema mara wanakaa ukingoni mwa bwawa, mara wanarukia tena kwenye maji ya baridi. Hapo kwenye "wanarukia tena" ndo kuna resilire. Mahali pengine analitumia kwa silaha inayogonga mwili usiopenyeka na kuruka kurudi, kama mvua ya mawe inavyodunda juu ya paa. Kwa hiyo mwanzoni hakuna ushujaa wowote ndani ya hilo neno, hakuna uvumilivu wala matumaini, kuna chura na mvua ya mawe tu.

Na ukoo wake ni mkubwa. Neno la Kiingereza la matokeo, result, ni ndugu yake wa damu, kwa sababu tokeo ni kitu kilichoruka kurudi kutoka kwenye ulichofanya. Assault ni kumrukia mtu. Insult nalo mwanzo lilikuwa kumrukia mtu, baadaye likawa kumrukia kwa maneno. Na wale wapishi wa hotelini wanaosema mboga "sote", wanairusha kwenye kikaango, ni salire huyohuyo kapitia Ufaransa.

Kuna tawi moja ambalo wenzetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wanalijua vizuri kuliko sisi kwa sababu ofisi zao zinatumia Kifaransa. Ukitaka kuvunja mkataba wa nyumba au wa simu, kitenzi ni résilier. Ni neno hilohilo, uliruka ukaingia kwenye mkataba na sasa unaruka kurudi nje. Wanasheria wa Scotland nao wana resile, kujitoa kwenye makubaliano. Kamusi ya Thomas Blount ya mwaka 1656, moja ya kamusi za mwanzo za Kiingereza, inaeleza resilience kuwa ni kuruka nyuma, na pia ni mtu kuliacha neno alilolisema. Yani wakati ule ungemwambia mtu ana hiyo kitu angeona umemtukana, umemwita kigeugeu. Mi huwa nawaambia wanafunzi wangu hili kila mara, maneno hayazaliwi na sifa nzuri, yanazipata njiani.

Kwa Kiingereza linaonekana mapema kwa Francis Bacon, kwenye kitabu chake cha mambo ya asili kilichotoka baada ya yeye kufariki mwaka 1626, anajiuliza kuhusu mwangwi, jinsi sauti inavyogonga ukuta na kurudi. Mwangwi! Kwa karibu miaka mia mbili baada ya hapo lilibaki neno dogo la watu wachache.

Waliolikomboa ni mafundi. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza Thomas Tredgold alikuwa anaandika kuhusu nguvu ya mbao, akitaka kueleza kwa nini mti fulani ukiupiga na mzigo wa ghafla unapinda halafu unarudi, na mwingine ambao ukiuangalia unaonekana mgumu zaidi, unakatika pwaa. Hiyo sifa ya kupokea pigo na kurudi akaiita resilience. Hapo ndo neno likaacha kuwa la vyura likawa la kupimwa kwa hesabu. Mpaka leo wanafunzi wa uhandisi wanajifunza kukokotoa ni nishati kiasi gani kipande cha chuma kinaweza kuibeba kikiwa kimepinda na bado kikarudi kwenye umbo lake, wanaihesabu kwa jouli kwa kila mita moja ya ujazo. Ukivuka kile kipimo, chuma hakirudi tena, kimebadilika moja kwa moja hata kama hakijakatika.

Na hiki kitu wewe unakijua, umekiona mara nyingi tu. Nenda gereji yoyote wanapotengeneza malori. Niliwahi kukaa nusu siku kwenye gereji ya namna hiyo nikisubiri gari, fundi akaniita chini ya lori akanionesha springi za nyuma, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Lori lilikuwa tupu, halina hata gunia moja. Upande wa kulia springi zilikuwa zimejikunja kama upinde, upande wa kushoto zilikuwa zimenyooka kabisa zimelala. Akaniambia, "Mzee, hii imelala." Nikamuuliza mbona haijavunjika? Akasema, "Haijavunjika, ila imesahau kurudi. Walilizidishia mzigo muda mrefu." Akapitisha kidole kwenye ule mnyooko. Yani yule bwana kwa maneno mawili, imesahau kurudi, alikuwa amenieleza somo zima la Tredgold na alikuwa hajawahi kumsikia. Nimekaa na hiyo sentensi mpaka leo, kila nikikuta resilience kwenye maandishi najiuliza, je hapa wanaongelea springi kubeba, au springi kurudi? Maana ile ya kushoto ilikuwa bado inabeba! Lori lilikuwa linafanya kazi. Ilichopoteza ni kurudi.

Sasa kutoka kwenye chuma limefikaje kwa binadamu. Kwenye saikolojia kazi inayotajwa sana ni ya Emmy Werner na wenzake kisiwani Kauai, Hawaii. Waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni mpaka wakawa watu wazima kabisa. Kati ya watoto waliokulia kwenye shida nzito, umaskini, wazazi wagonjwa au walevi, nyumba zenye ugomvi, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wanaofanya kazi zao na kupendana na watu. Swali likageuka, badala ya kuuliza tu nini kinawavunja watoto wakauliza hao waliosimama walikuwa na nini. Na moja ya majibu ni kitu bibi yako angekwambia bila utafiti, karibu kila mmoja wao alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika, kama si mzazi basi bibi, shangazi, jirani au mwalimu.

Kwenye mazingira ni Crawford Holling wa Canada, mwaka 1973. Huyu alifanya jambo la maana sana kwa swali lako. Alisema kuna kitu kimoja ni kurudi ulipokuwa upesi baada ya kusukumwa, hicho akakiita uthabiti, na kuna kitu kingine ni kiasi gani cha misukosuko mfumo unaweza kukimeza bila kugeuka kuwa mfumo mwingine, hicho ndo akakiita resilience. Alikuwa anaangalia misitu ya kwao inayoshambuliwa na viwavi, wakilipuka wanakausha miti mingi, msitu hauko thabiti hata kidogo, miaka inapanda miaka inashuka, lakini unabaki kuwa msitu. Kwa hiyo unaona, wakati linaingia kwenye mazingira lile neno lilikuwa limeshaanza kuiacha maana yake ya kuruka nyuma, na kutoka hapo likaingia kwenye mambo ya maafa na maendeleo, Umoja wa Mataifa wakalipitisha kwenye mipango yao ya kupunguza hatari za maafa, wa Hyogo wa 2005 na wa Sendai wa 2015, na malengo ya maendeleo ya mwaka huohuo 2015 yanalo kwenye miundombinu, lengo la 9, na kwenye miji, lengo la 11. Ndo maana leo limekufikia wewe Rufiji.

Haya, turudi nyumbani.

Ustahimilivu. Hili limetoka Kiarabu, mzizi wake ni h-m-l, kubeba. Kutoka mzizi huohuo tunaye hamali, yule mchukuzi wa bandarini na sokoni, na tuna himili, kubeba na kuweza. Hiyo sta- ya mwanzo utaikuta kwenye ndugu zake wa umbo, stahili, starehe, staajabu, staarabu, wote wameingia na kiambishi kilekile cha Kiarabu. Kwa hiyo stahimili maana yake halisi ni kuubeba mzigo ukaweza kuukalia chini yake. Ukisema mbegu inayostahimili ukame umesema sawasawa kabisa, ukame upo, mbegu iko chini yake, haifi. Lakini hakuna kurudi hapo. Hamali hadundi. Ile springi ya kushoto ilikuwa stahimilivu!

Ndugu zetu wa Muscat wanaoongea Kiswahili watakwambia hata Waarabu wenyewe kwa hilo neno hawatumii h-m-l sana, wanasema muruna, ambayo ni unyumbufu, au sumud, ambayo ni kusimama imara usiondoke. Yani hata wao limewagawanyikia mikononi.

Uthabiti. Nalo la Kiarabu, mzizi th-b-t, kukaa imara mahali pako, ndo tunapata thibitisha na uthibitisho. Kitu thabiti hakisogei. Sasa kama hakisogei kitarudi kutoka wapi? Na umemsikia Holling, yeye mwenyewe alivitenganisha hivi viwili. Kwa hiyo kwenye kijitabu cha mafuriko mi uthabiti ningeliacha kwa ajili ya tuta na daraja.

Ukakamavu. Hapa samahani kwa mwenzako aliyelipendekeza, nalipenda sana hili neno lakini si hapa. Linatokana na kakamaa, kukauka, kuwa mgumu, kama viungo vinavyokakamaa kwa baridi. Kijana aliyetoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ni mkakamavu, kifua mbele, mgongo umenyooka. Ni sifa nzuri, ila ni sifa ya kutopinda, wakati lile la Tredgold lilikuwa sifa ya kupinda bila kukatika. Wazee wa pwani walishasema samaki mkunje angali mbichi, maana akishakauka akawa mkakamavu ukimkunja anavunjika mikononi mwako.

Na kama kuna atakayekuja na usugu, mkatalieni mapema. Sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganjani inayotokana na kusuguliwa na mpini wa jembe, ndo maana wataalamu wa afya wanasema usugu wa dawa. Mkulima mwenye sugu moyoni si mnachomtakia.

Sasa kitu kinachonisikitisha ni kwamba watu hufikiri Kiswahili hakina maneno ya kuruka na kurudi, wakati tunayo mengi na ni ya kwetu. Mpira unadunda, na hata sisi watu tunadunda, ukimuuliza mtu wa Dar hali baada ya miezi ya shida anakwambia "bado nadunda", na amekupa resilience nzima bila semina. Tawi linanesa, linashuka ndege akitua na linapanda akiruka. Boriti inanepa, hilo ni la kushuka katikati kwa uzito, na fundi wa nyumba za mawe za Lamu au Unguja anajua tofauti ya mkoko unaonesa na mkoko ulionepa, wa kwanza unarudi, wa pili umeshakubali. Mtego unafyatuka. Lastiki inanyumbuka, na kutoka hapo tuna unyumbufu, neno ambalo wachumi wameshalichukua wanaposema mahitaji ya bidhaa yananyumbuka bei ikipanda au kushuka.

Hapo kwenye mtego nikae kidogo. Waliokulia vijijini mnakumbuka, unachimbia ufito mbichi ardhini, unaukunja, unafunga kamba na kitanzi, unaukwamisha na kijiti kidogo, kanga akigusa kijiti ufito unafyatuka unamnyanyua. Lakini mtego ukiuacha umetegwa wiki mbili tatu bila kunasa kitu, siku kanga anakuja anagusa, ufito unanyanyuka kivivu tu, kanga anaondoka zake. Ufito umezoea kupinda. Haukuvunjwa na mtu, umeachwa umekunjwa muda mrefu mno. Hii ni fizikia, na ni springi ya yule fundi.

Halafu kuna rudi lenyewe, ambalo lina utajiri watu hawautazami. Mto umerudi kwenye kingo zake. Kitambaa kimerudi, fundi cherehani anajua hiyo, kimefuliwa kikajivuta kikapungua. Mzazi kamrudi mwanae, kamwadhibu. Na kuna kujirudi, mtu alikosea au alipotea halafu mwenyewe akajitazama akarudi kwenye njia, "siku hizi amejirudi." Hakuna neno la Kiingereza ninalolijua linalobeba hiyo kwa kupumua mara moja namna hiyo. Kwa mafuriko halifai kwa sababu lina harufu ya kosa, na mkulima hajakosa, lakini linaonesha lugha inaweza.

Tukija kwenye maandishi yako. Usitafute neno moja la kuweka kila mahali, kila ukilikuta resilience soma sentensi nzima, uliza mzigo bado upo au umeondoka. Kama mzigo bado upo na watu wako chini yake, maji yamejaa na watu wanaishi kwenye madarasa ya shule, andika kustahimili, ndo mahali pake. Mbegu, nyumba zenye msingi wa juu, vyoo visivyofurika, vyote ni stahimilivu, sawa. Kama sentensi inaongelea baada ya maji kupwa, mtu anapanda tena, anajenga, mtoto anarudi shule, usiandike ustahimilivu hata kidogo, andika kujikwamua, kuinuka tena, kurudi kwenye maisha. Na kama wanaongelea kubadilika, mkulima kuacha mahindi kipande cha chini akapanda mpunga, kuhamisha ghala juu, kuwa na shamba la bondeni na jingine la mlimani, hapo ni unyumbufu, au sema tu wazi "kubadilika kulingana na maji". Wazee wa Rufiji hilo la kulima kwa kufuata maji wanalijua kuliko aliyeandika hayo maandishi, waulizeni wanaliitaje wao, na mkipata neno lao tumieni hilo kabla ya haya yangu.

Kwenye jalada mkitaka maneno yenye uzito kuna methali moja ambayo mi naona ndo imelikaribia sana wazo lote, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Angalia haisemi koleo litajirudi lenyewe, limevunjika na limekwisha. Kinachoendelea ni kazi, na mhunzi anaweza kufua koleo jingine, mradi ana makaa, ana chuma na ana nafasi ya kuufikia moto.

Ndo maana nakuomba kitu kimoja. Umesema neno lipo karibu kila ukurasa. Chukua kalamu uzungushe kila mahali linapomtaka mkulima astahimili, halafu pembeni andika ni nani anamletea makaa na chuma, na lini. Pale ambapo pembeni panabaki patupu, warudishie waliowaletea maandishi kabla hamjatafsiri, muwaulize hiyo sentensi walikuwa wanamaanisha nini. Na mkishamaliza nitumieni rasimu niipitie, sitaki malipo.